Kichwa na Fuvu katika Kiingereza: Hotuba kwa Wafasiri na Wakalimani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliotutangulia katika kazi hii, wafasiri na wakalimani wenzangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya visawe vya Kiingereza, na kwa kuwa visawe ni bahari, nimechagua kisiwa kimoja tu: maneno ambayo lugha hiyo inayo kwa kichwa cha binadamu na kwa mfupa uliomo ndani yake. Nimechagua maneno haya kwa sababu niliwahi kukosea ndani yake, na kosa lenyewe sijalisahau.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika ukalimani, niliitwa katika hospitali moja kumsaidia daktari wa kigeni asiyejua Kiswahili. Mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe. Mama yake alisimama pembeni mwa kitanda, kapu lake mkononi, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka nyumbani kwa haraka. Daktari aliinua picha ya eksirei, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwa Kiingereza kwamba «skull» imepata ufa mdogo. Mimi nikageuka nikasema, kwa sauti safi ya mtu anayejiamini: «Mama, fuvu la mwanao limepata ufa.» Yule mama aliliachia kapu, akakaa chini sakafuni, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: «Amekufa saa ngapi, baba?» Mtoto alikuwa pale pale kitandani, macho wazi, anaomba uji. Aliyeniokoa ni muuguzi aliyekuwa akipita, alichuchumaa, akamshika mama bega, akamwambia: «Mama, mtoto mzima. Mfupa wa kichwa ndio umepata ufa kidogo.»

Kamusi niliyokuwa nikiitegemea haikunidanganya. Ukitafuta «skull» utaambiwa ni fuvu, na ukitafuta fuvu utaambiwa ni «skull». Lakini neno la Kiingereza linamhusu mtu aliye hai na mtu aliyekufa kwa usawa: mchezaji wa mpira anaweza kuvunjika «skull» leo na kurudi uwanjani baada ya miezi. Neno letu halina usawa huo katika masikio ya watu wengi. Mwalimu wa sayansi ana haki ya kumfundisha mwanafunzi kwamba kila aliye hai ana fuvu, na vitabu vya shule vinasema hivyo. Ila mama sakafuni hakusoma kitabu hicho. Kwake fuvu ni kile kinachobaki baada ya nyama kuondoka, kile kinachochorwa pamoja na mifupa miwili iliyopishana kwenye bati la hatari la transfoma ya umeme. Nilimpa neno la kaburini kwa mtoto anayeomba uji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya maneno haya moja moja, na leo nitapita katika baadhi yake pamoja nanyi.

Neno mama ni «head». Ni neno la zamani sana, ambalo katika Kiingereza cha kale liliandikwa «heafod», na ile f ya katikati ikalika kwa matumizi ya karne nyingi kama jiwe la kunolea kisu. Ndugu yake wa Kijerumani ni «Haupt», na ukoo wao wanaisimu wanaupeleka mbali hadi kwa «caput» ya Kilatini. Sisi nasi tuna ukoo wetu. Mtu wa Mombasa anayesema Kimvita anasema kitwa, Mganda anasema omutwe, Mnyarwanda na Mrundi wanasema umutwe, na kichwa chetu cha Kiswahili sanifu ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Nayataja haya kwa sababu maneno mama ya namna hii, katika lugha zote mbili, hufanya kazi nyingi: kichwa cha habari, kichwa cha treni, mwanafunzi ambaye darasa zima linamwita kichwa. Kazi hizo hazifanani kila mara. Mwingereza anamwita mkuu wa shule na mkuu wa nchi «head». Sisi tunasema mkuu, na mtu akiandika kwamba Rais ni kichwa cha nchi, msomaji atasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Neno «skull» ni jipya zaidi. Linaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia karne ya 13 hivi, na wengi wanadhani lilitoka kwa watu wa Skandinavia. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na neno la kwao, «heafodpanne», ambalo maana yake hasa ni sufuria ya kichwa. Walipofasiri Injili kwa Kiingereza cha kale na kufika mahali pale paitwapo Golgotha, walipaita mahali pa sufuria ya kichwa. Biblia yetu ya Kiswahili inasema Fuvu la Kichwa. Jina lenyewe la Kiaramu lilikuwa na maana ya fuvu, Wagiriki wakasema «kranion», Walatini wakasema «calvaria», na kutoka kwa Walatini hao Kiingereza kikapata «Calvary», ambalo leo wasemaji wake wengi hulitaja bila kujua kwamba wanataja fuvu. Mlima mmoja mdogo nje ya ukuta wa Yerusalemu umepewa jina hilo katika lugha moja baada ya nyingine, na kila mfasiri amelazimika kuamua kama alichukue jina au achukue maana.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye ile sufuria, maana hapa ndipo jambo linaponivutia kuliko popote. Neno la kale «heafodpanne» lilikufa, lakini ndugu yake «brainpan», sufuria ya ubongo, bado limo katika kamusi za Kiingereza. Wajerumani wana neno la kila siku la kichwa, «Kopf», ambalo asili yake ni kikombe, na ni ndugu wa «cup» ya Kiingereza. Wafaransa wanasema «tête», na neno hilo lilitoka katika «testa» ya Kilatini iliyokuwa na maana ya chungu au kigae. Kiingereza cha mitaani kina «noggin», ambalo katika karne ya 17 lilikuwa kikombe kidogo cha kinywaji, na baadaye tu ndipo watu wakaanza kuliita kichwa hivyo. Kina pia neno lililokwisha kufifia, «mazard», lililotokana na «mazer», bakuli la mti la kunywea. Lugha hizi zote, kila moja kwa wakati wake, zilimtazama binadamu juu ya shingo zikaona chombo.

Nasi je? Nendeni jikoni. Mpishi akimaliza kukuna nazi kwenye mbuzi, kinachobaki mkononi mwake ni kifuu. Kifuu na fuvu, ambalo wazee wengine husema fuu, ni neno moja lenye ukubwa mbili: ganda tupu dogo na ganda tupu kubwa. Kifuu hicho hakitupwi. Kikisuguliwa na kutiwa mpini kinakuwa upawa wa kuchotea mchuzi, au kata ya kutekea maji mtungini. Nimekuwa nikiitazama kata ya bibi yangu, nyeusi kwa umri, laini kwa mikono, nikifikiri kwamba aliyekuwa akitengeneza bakuli la mti kule Uingereza na aliyekuwa akisugua kifuu hapa pwani walilifikia wazo moja bila kupelekeana habari. Na kuna kitu cha ziada: jina «coconut» ambalo Waingereza wanaliita nazi lilitokana na «coco» ya mabaharia wa Kireno wa karne ya 16, ambao walitazama yale matundu matatu kwenye kifuu wakaona uso wa zimwi linalotisha watoto. Kwa hiyo sisi tuliita mfupa wa kichwa kwa jina la ganda, nao wakaliita ganda kwa jina la uso. Kisha Kiingereza cha utani kikamaliza mzunguko kwa kukiita kichwa «coconut».

Vyakula havikuishia kwenye nazi. Kichwa ni «nut», yaani kokwa, na ndiyo maana mtu aliyerukwa na akili huitwa «nuts». Ni «bean», yaani haragwe, hasa kwa Wamarekani. Katika enzi za Shakespeare kilikuwa «costard», jina la aina ya tofaa kubwa, na wauzaji wa matofaa hayo mitaani ndio walioacha jina «costermonger» kwa wachuuzi wa London. Ni «loaf», yaani mkate, na njia ya neno hili inahitaji maelezo. Watu wa mashariki ya London walikuwa na mchezo wa lugha ambamo neno lilibadilishwa kwa kifungu chenye vina nalo. Badala ya «head» walisema «loaf of bread», mkate mzima, kwa sababu «bread» na «head» vinaimbana. Halafu wakalikata lile lenye kina na kubakiza «loaf» peke yake. Asiyejua mchezo haoni tena kichwa kimejificha wapi. Watoto wa pwani waliokuwa wakizungumza kinyume ili wageni wasiwaelewe wangeupenda mchezo huu. Kuna na «bonce», ambalo lilikuwa gololi kubwa kabla ya kuwa kichwa.

Mfasiri akikutana na «use your loaf» asikimbilie mkate. Aseme «tumia akili», au akitaka utani ubaki, «chemsha bongo». Sisi nasi tunao utajiri wetu wa mzaha: bichwa, bongo, kipara. Jiji la Dar es Salaam, na baadaye Tanzania yote, limeitwa Bongo kwa sababu anayeishi humo anahitaji ubongo ufanye kazi. Na hekima yetu ya zamani iliiweka akili nje kabisa ya mfupa iliposema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Nimemtaja Shakespeare, basi niseme na kile nilichojifunza kwake. Katika tamthilia ya Hamlet, mwanzoni mwa sehemu ya tano, mwana wa mfalme anasimama makaburini akimtazama mchimba kaburi akirusha mafuvu juu ya udongo. Wengi wetu tunaikumbuka picha moja tu, ya kijana aliyeshika fuvu la Yorick, mchekeshaji wa ikulu aliyelala ardhini kwa miaka 23. Lakini sikilizeni maneno yanayotangulia. Kitu kinachotoka ardhini kinaitwa «skull». Hamlet anapoanza kukisia kilikuwa cha nani, neno linabadilika. Akidhani kilikuwa cha mwanasiasa, anakiita «pate». Akidhani kilikuwa cha mtu wa ikulu, sasa hakina hata taya na kinagongwa kwa koleo, anakiita «mazard», lile bakuli. Akidhani kilikuwa cha mwanasheria, anakiita «sconce». Haya yote matatu ni maneno ya vichwa vya watu walio hai, maneno ya utani ambayo ungeyatumia ukimgonga rafiki yako utosini. Kadiri anavyomfikiria mwenye mfupa, ndivyo anavyoondoka kwenye neno la mfupa na kurudi kwenye neno la mtu. Mfasiri akiandika fuvu, fuvu, fuvu kutoka mwanzo hadi mwisho, hatakosea kwa kamusi hata mara moja, na atakuwa amekizika kile ambacho mwandishi alikuwa akikifukua.

Hilo «pate» lina somo lake. Ni neno la sehemu ya juu ya kichwa, hasa ya mwenye upara, na leo linasikika la kizamani na la kuchekesha kidogo. Lakini wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walilitumia bila kucheka katika Zaburi ya 7, mstari wa 16, panaposemwa kwamba madhara ya mwovu yatamrudia kichwani na dhuluma yake itamshukia kwenye «pate». Kiebrania kina maneno mawili katika nusu mbili za mstari huo, na mfasiri anahitaji mawili. Wafasiri wetu wa Kiswahili waliandika kichwani katika nusu ya kwanza, na utosini katika ya pili. Naona hapa tumewashinda. Neno lao limezeeka na kuwa la kuchekesha, letu limebaki na heshima yake yote.

Utosi ni neno la kujivunia. Mahali Kiingereza kinapotumia «crown», «pate», «vertex» na, kwa mtoto mchanga, «fontanelle», sisi tunasema utosi na kila mama anaelewa. Lile «fontanelle» lilitoka kwa Wafaransa na maana yake ni chemchemi ndogo, kwa sababu pale ambapo mifupa ya mtoto haijakutana ngozi hupwitapwita kama maji yanayobubujika. Muuguzi wa kliniki hana haja ya chemchemi. Anamwambia mama: «Ukiona utosi wa mtoto umebonyea, mlete haraka, amepungukiwa na maji.» Nimeona vipeperushi vya afya vilivyofasiriwa ambamo mtu aliandika «fontaneli». Aliyeandika hivyo alikuwa na hazina mlangoni kwake akaenda kukopa.

Tukifika kwa madaktari, tunaingia katika Kilatini na Kigiriki. «Cranium» kwa maana kali ni sehemu inayofunika ubongo tu, mifupa 8. Mifupa ya uso ni 14, na jumla ya 22 ndiyo «skull» nzima. Mwanahabari anayeandika «cranium» ili aonekane msomi hutaja sehemu akidhani anataja jumla. Ile «kranion» ya Kigiriki imejificha pia ndani ya «migraine», ambayo mwanzo wake ulikuwa maumivu ya nusu ya kichwa. Sisi tunasema kipandauso, na yeyote aliyewahi kuugua anajua kwamba neno letu limeeleza ugonjwa jinsi unavyopanda. Kigiriki kilitoa pia «kephale», kichwa, na kutoka humo tukapata «hydrocephalus». Ukilifasiri kipande kwa kipande utapata kichwa maji, na hapo umemtukana mtoto mgonjwa, maana kichwa maji kwetu ni mtu asiye na akili. Wanaohudumia watoto hawa nchini Tanzania huzungumza juu ya watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Aliyechagua maneno hayo kwanza alimfikiria mama kabla ya kuifikiria kamusi, na laiti ningekutana naye ningemshukuru.

Mitego ya namna hii ni mingi, nami nitagusa michache. Mtoto mwenye kichwa chepesi kwetu ni yule anayeshika somo upesi. Mwingereza akisema kichwa chake ni chepesi, anakaribia kuzimia, mpeni kiti. Na «skulduggery», yaani hila chafu, haihusiani na fuvu kabisa. Ilitoka katika neno la Kiskoti lenye sura nyingine, kisha masikio ya watu yakaivika fuvu. Kwa upande wetu, nani atampelekea msomaji wa London ule msemo wa watangazaji wa mpira kwamba timu fulani imekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila mmoja anajifunzia kunyoa? Nimejaribu mara nyingi. Ukiufasiri neno kwa neno, anaona mgonjwa na kinyozi, wala haoni timu inayofungwa na kila mpinzani.

Kisha kuna «poll». Wanaolisikia leo wanafikiria uchaguzi, lakini mwanzo lilikuwa kichwa, na kura ilikuwa kuhesabu vichwa. Kodi ya «poll tax» iliwafanya wakulima wa Uingereza waasi mwaka 1381, na jina hilohilo liliwatoa watu barabarani London mwaka 1990. Waingereza walipoileta huku, kwa sheria ya mwaka 1910 nchini Kenya na ya 1922 Tanganyika, wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa asili ya neno. Waliiita kodi ya kichwa, na mtu aliyekimbilia porini ili asikamatwe kwa kutolipa alijua vizuri kabisa ni kichwa cha nani kilichokuwa kikidaiwa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu leo.

Mwezi Julai mwaka 1898, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani kwa miaka saba tangu ushindi wake wa Lugalo, alijipiga risasi ili asikamatwe. Wajerumani walikikata kichwa chake wakakichukua. Miaka 21 baadaye, tarehe 28 Juni 1919, ulitiwa saini Mkataba wa Versailles, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza. Katika mkataba huo mrefu wa mipaka, fidia na majeshi, ibara ya 246 inaitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, «the skull of the Sultan Mkwawa». Sijui kama kuna neno jingine lolote la kiungo cha mwili wa Mwafrika lililowahi kuandikwa katika mkataba wa namna hiyo.

Tazameni neno lenyewe. Kilichokatwa kilikuwa kichwa, chenye uso ambao watu wa Kalenga, makao yake makuu, wangeutambua. Kilichoandikwa mwaka 1919 kilikuwa fuvu. Kati ya maneno hayo mawili kuna kazi ya mikono ambayo mkataba hauisemi: kuna aliyekitenga kichwa na mwili, kuna aliyeiondoa nyama, kuna aliyekifungasha na kukisafirisha. Neno «skull» ni sahihi kwa hali ya mfupa siku ile, lakini linaanza hadithi mwishoni mwake. Wahehe walikuwa wakidai kichwa cha mtawala wao. Diplomasia ilidai kifaa.

Miezi sita ikawa miaka 35. Edward Twining, Gavana wa Tanganyika, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu mengi yalikuwa yamepangwa rafuni, na moja likachaguliwa kwa vipimo, upana ukilinganishwa na urefu, kipimo ambacho jina lake la Kiingereza, «cephalic index», linabeba ile «kephale» ya Wagiriki. Mnamo Juni 1954 lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Wapo wanahistoria wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Liko Kalenga mpaka leo, ndani ya kioo, na tunasema fuvu la Mkwawa. Nami sidai kwamba tuseme vinginevyo, kwa kuwa ndicho kilichorudi. Ninachosema ni kwamba aandikapo mfasiri habari za mwaka 1898 asiandike fuvu. Siku ile kilichukuliwa kichwa.

Huenda mtu akafikiri kwamba hayo yamepita. Hayajapita. Mwaka 2023 wakfu wa urithi wa utamaduni wa Prussia mjini Berlin ulitoa matokeo ya utafiti juu ya mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi, 904, yalihusishwa na Rwanda ya leo, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Katika mwaka huohuo Rais wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi, katika mji unaobeba jina la Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji na ambaye kichwa chake kinatafutwa na ukoo wake. Huko Old Moshi, ukoo wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko aliyenyongwa mwezi Machi 1900, nao unatafuta.

Nyaraka za habari hizi ziko katika Kijerumani na Kiingereza, na maneno yake yamekuwa yakibadilika. Katika orodha za zamani utakuta «crania», wingi wa «cranium», kama vile unavyosoma orodha ya mbegu. Baadaye yakaja «skulls». Siku hizi taasisi nyingi zinaandika «human remains», na wengine wamekwenda mbele zaidi wakaandika «ancestral remains». Kila badiliko limekuwa hatua moja kumrudia mtu, sawasawa na Hamlet pale makaburini, ila hapa si mchezo wa kuigiza. Nasi tunafasirije? Nimeona «mabaki ya binadamu». Ni sahihi, ni safi, na kwa sikio langu bado kuna ubaridi ndani yake, kwa sababu mabaki ni neno tunalotumia pia kwa chakula cha jana. Katika kikao na wazee wa ukoo sijawahi kulitumia. Nimesema «wazee wetu walioko kule», na hakuna aliyeuliza nina maana gani.

Mafuvu yale mengi yana maandishi ya wino juu ya mfupa wenyewe: namba, mahali, pengine cheo. Juu ya moja kati ya yale yaliyotoka Kilimanjaro liliandikwa neno moja, «Akida». Uchunguzi wa vinasaba ukalihusisha na familia iliyo hai, wazao wa mshauri wa Mangi Meli aliyekuwa na cheo hicho. Nimelifikiria sana hilo. Yule aliyeandika alikuwa na «Schädel», yaani fuvu kwa Kijerumani, na «cranium» na namba zake zote, na bado ilipofika kwenye kumtaja mtu huyu aliandika neno ambalo sisi tuliomo humu tunalisoma bila kamusi.

Majibu ya namna hiyo yatazidi kuja, nayo yatapita mezani petu kabla ya kufika kwa wenyewe. Nimeanza kujizoeza sentensi yake ya kwanza, nikimkumbuka yule mama na kapu lake. Mpaka sasa nimefika hapa: «Wapendwa wa ukoo huu, tunawaletea habari za kichwa cha mzee wenu, kilichochukuliwa kwenu zaidi ya miaka 120 iliyopita, ambacho leo ni fuvu.» Nitafurahi kusikia mngeiandikaje ninyi.